Nukta Nyekundu kwenye Skurubu

Mtu akiniletea osiloskopu ya zamani na kusema, "Fundi, hizi zote ni sawa tu, wewe angalia kama inawaka," huwa namkasirikia kabla sijaigusa. Si sawa. Osiloskopu ni mashine ya kupimia umeme, ina kioo cha duara ambamo mstari wa kijani hupanda na kushuka, na kwa mtu wa kawaida ni sanduku zito la chuma lisilotoa hata muziki. Lakini kiwanda kilichoziunda huko Uingereza hakikuziunda siku moja. Kilianza na vibati vya namba vilivyopigwa ribiti, baadaye kikabandika kwa gundi. Skurubu za mstari zikawa skurubu za nyota. Mpini wa ngozi ukawa wa plastiki. Na hata hapo mambo hayanyooki, kwa sababu kiwanda hakitupi mali: vifungo vya zamani vilivyobaki kwenye pipa vilifungwa kwenye mashine mpya mpaka vikaisha. Kutazama hayo yote na kusema mashine hii ni ya toleo gani, hiyo ndiyo kazi iliyonipa jina hapa Busia, na ndiyo iliyonivuruga.

Kibanda changu kiko upande wa Uganda, karibu na mpaka kiasi kwamba malori yakikwama foleni moshi wake unaingia ndani. Chakula nakipata kwa kutengeneza simu, televisheni na chaja za sola. Mashine za zamani nilianza kwa mapenzi tu. Zilikuwa zikitoka kwenye karakana na shule na viwanda vya Tororo, zikichukuliwa na wauza vyuma chakavu ili zipasuliwe shaba. Nikawa naziokoa moja moja. Siku moja nikajibu swali la mtu kwenye kundi la simu la wakusanyaji, watu wanaokusanya mashine hizi kama wengine wanavyokusanya stempu, na jibu langu likawa sahihi. Wakauliza tena. Haikupita muda, mtu wa Nairobi au wa ng'ambo akitaka kununua, muuzaji anaambiwa: kwanza mpelekee yule fundi wa Busia atazame.

Nilikuwa najua kweli. Nilijua kwamba mashine haiwezi kuwa kongwe kuliko kifaa chake kichanga kabisa, basi unafungua, unasoma alama ndogo kwenye kila kapasita, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, unatafuta iliyozaliwa mwisho. Nilijua kutofautisha lehemu ya kiwandani na lehemu ya fundi wa mtaani, maana ya kiwandani huwa na mkono uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na jicho. Lakini jicho likisifiwa sana huanza kuona lisichokiona.

Ndivyo nilivyoziona nukta nyekundu. Ndani ya osiloskopu kuna skurubu ndogo za kurekebishia, ambazo ukizigusa ovyo mashine inaanza kusema uongo. Nilipata mashine sita kutoka kwa wauza vyuma wa Tororo, zote zina vibati vya ribiti, zote ni za mwanzo, na kwenye kila skurubu ya kurekebishia kuna nukta ya rangi nyekundu, ndogo, yenye kimkia upande wa kushoto. Nukta ileile, mkia uleule. Nikakaa nazo siku nyingi. Mwisho nikaamua kwamba huyo ni mkaguzi wa kiwandani kule Uingereza, aliyekuwa anafunga kazi yake kwa rangi, na kwamba aliondoka kazini kabla ya toleo la pili. Nikamtungia hadi tabia. Nikaandika mwongozo wa kurasa nne wenye picha, nikautuma kwenye kundi: ukiona nukta nyekundu yenye mkia wa kushoto, hilo ni toleo la kwanza halisi.

Wakusanyaji wa ng'ambo walisema za kwao hazina nukta. Niliwajibu bila aibu kwamba za kwao zilisafishwa. Nao wakakubali, wakaanza kuzitafuta zenye nukta kwa udi na uvumba. Hakuna aliyeuliza mbona zenye nukta zote zinatoka upande mmoja wa dunia. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kulikuwa na fundi mwenzangu, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Tulikuwa tumefahamiana tangu enzi za redio za betri kubwa. Nikikosa kifaa navuka kwake, akikosa anavuka kwangu. Alikuwa mpole kupita kiasi, mtu anayeweza kusubiri lehemu ipoe bila kupuliza. Mkewe alikuwa na saluni ya kusuka nywele na kupaka kucha, chumba cha pili tu kutoka meza yake, na kwa kuwa nilikuwa namwita yule bwana kaka, mkewe nilimwita shemeji. Mara ngapi nimekula kwao, siwezi kuhesabu.

Kaka huyu akapata osiloskopu yake kutoka Tororo. Akaweka picha kwenye kundi, na mzee mmoja wa Nairobi akaitaka papo hapo, kwa sababu ndani zilionekana nukta nyekundu. Kama kawaida wakasema, fundi wa Busia aitazame kwanza. Nikavuka asubuhi na bisibisi zangu.

Niliifungua mbele yake. Kibati cha gundi. Skurubu za nyota. Kapasita changa, za miaka mingi baada ya zile zangu sita. Hii ilikuwa toleo la mwisho kabisa, mtu yeyote mwenye macho angejua. Na bado nukta nyekundu zilikuwepo, kwenye kila skurubu, mkia kushoto, rangi inang'aa kana kwamba imepakwa wiki iliyopita.

Kwa mwongozo wangu, kitu hicho hakiwezekani. Basi kulikuwa na mambo mawili: ama mwongozo una kosa, ama mtu amepaka rangi kudanganya. Nasema kweli, jambo la kwanza halikunipita akilini hata kwa sekunde moja.

"Kaka, hizi nukta umezikuta humu?" nikamuuliza.

"Nimeikuta hivyo. Mimi sijaifungua ila kupiga picha."

"Una hakika?"

"Sasa mimi nitapaka rangi skurubu ya nini, bana?"

Nikatoka, nikaenda saluni. Shemeji alikuwa anamsuka mteja. Nikamwomba pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hakuuliza ya nini. Aliacha kichwa cha mteja, akafungua chupa, akamimina, akanipa kwa mkono wa kulia na wa kushoto ukiwa chini yake, kwa heshima, kama anavyompa mgeni yeyote. Nikarudi mezani, nikagusa nukta moja. Ikayeyuka. Pamba ikawa nyekundu.

"Rangi ya kucha," nikasema.

Aliitazama ile pamba, akanitazama mimi. "Basi ni rangi ya kucha," akasema. "Lakini si mimi."

Laiti ningefunga mashine nikaenda nyumbani. Zile sita zangu zilikuwa kibandani, nukta zake nzima, na sikuwahi kuzigusa kwa dawa hata moja, eti nisiharibu ushahidi. Lakini nilikuwa nimepandwa na hasira. Niliona mtu amechukua uvumbuzi wangu, kitu nilichokigundua kwa jasho, akaenda kuuigiza kwa chupa ya mkewe. Ulimi hauna mfupa, na kidole cha kwenye simu ndio kabisa. Nilikuwa bado niko kwenye boda boda navuka mpaka nilipoandika kwenye kundi. Niliandika kwamba nukta ni bandia, zimepakwa kwa rangi ya kucha, nikaweka picha ya pamba. Nikaandika majina yake matatu kwa ukamilifu, na mtaa, na kwamba mkewe ana saluni. Hilo la saluni nililiandika kwa furaha, kwa sababu lilifunga hoja vizuri.

Walimtoa kwenye kundi kabla sijafika kibandani. Mzee wa Nairobi alinishukuru kwa kumwokoa.

Ningependa kusema yaliishia huko, kwa wakusanyaji ambao hakuwahi kuwaona. Lakini Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili, habari hazigongi pasipoti. Mafundi waliiona. Mtu akimpelekea redio, mwenzake anamtania: angalia asije akakupakia kucha. Saluni nako wateja wakaanza mzaha, wakimuuliza shemeji kama leo anapaka watu au anapaka mashine. Mzaha wa watu hauna mwisho maana hakuna anayeona kwamba yeye ndiye anayeumiza. Yeye kaka alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kushika sadaka. Nilisikia kwamba Jumapili moja alimwambia mchungaji amtafute mwingine wa kuishika, na mchungaji hakumbembeleza abaki.

Nilikutana na shemeji mara moja pale mpakani, nikiwa kwenye foleni, yeye akitoka kununua nyanya upande wetu. Nilimwamkia. Akasimama, akaweka kapu chini.

"Shemeji," akasema, "ile pamba nilikupa mimi."

"Nilikuwa natafuta ukweli," nikamwambia.

"Sawa." Akachukua kapu lake akavuka.

Nilikasirika njia nzima. Nilijiambia mwizi akishikwa humchukia aliyemshika. Ndivyo nilivyokuwa.

Yakapita kama mavuno mawili. Mtu wa kutoka Kisoko aliyekuja kurekebisha simu akaniambia kijijini kwao kuna mama mzee, mstaafu wa kiwanda kimoja cha Tororo, ana mita ya zamani ya umeme ambayo hajawahi kuona nyingine kama hiyo. Mimi nikisikia neno mita ya zamani sisubiri. Nikapanda hadi Tororo, nikaona ule mwamba mkubwa wa mji wao ukinitazama kama kawaida, nikachukua pikipiki mpaka Kisoko.

Mama alikuwa anaanika mihogo uani. Mrefu, mkavu, macho mazuri. Nilipomwambia mimi ni fundi wa vipimo alicheka, akaniletea kiti, akaniita mwanangu japo mimi mwenyewe nina wajukuu. Akaniambia kwamba kwenye kiwanda kile yeye ndiye aliyekuwa akishika chumba cha vipimo, mwanamke peke yake, tangu usichana mpaka walipofunga kile chumba. Kila mashine ya kupimia ilipita mikononi mwake. Si za kiwandani tu. Shule na karakana za Tororo yote zilikuwa zikimletea.

Akaleta mita. Nikaifungua kwa hamu. Ndani, kwenye skurubu ya kurekebishia, palikuwa na nukta nyekundu yenye mkia kushoto.

Nilifurahi kwanza. Naandika hivyo ili ijulikane kichwa changu kilivyokuwa kigumu. Niliwaza: kumbe yule mkaguzi wa Uingereza alikagua na mita. Nikamwambia mama kwamba ana kitu cha thamani, toleo la kwanza, lina alama ya mkaguzi.

"Mukaguzi gani?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Hii? Hii mimi naweka." Alisema hivyo bila kushangaa. "Kila skurubu mimi naguza, naweka rangi. Wale vijana wa zamu walikuwa nazungusha tu ovyo, halafu nasema mashine ya mama mbaya. Sasa mimi naweka rangi. Rangi ikipasuka, mimi najua mutu ameguza."

"Rangi gani, mama?"

"Ya kucha. Jumapili napaka kucha, naenda kanisa. Jumatatu chupa napeleka kazi." Akainuka, akaingia ndani, nikadhani anakwenda kutafuta chupa. Alirudi akiburuta cherehani yake, akaigeuza nione ubavu. Kwenye skurubu ya kukazia uzi palikuwa na nukta nyekundu. Mkia kushoto. "Hata hii, wajukuu nachezea sana."

Akaokota kijiti cha kiberiti akanionyesha alivyokuwa anafanya: anachovya, anagusa, anavuta kidogo ili rangi isidondoke. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Mkia ulikwenda kushoto hapo mbele ya macho yangu, kwenye hewa, bila rangi yoyote.

Nikamuuliza kama aliweka nukta kwenye mashine za zamani pekee au na mpya. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kama mvua hunyesha kwenye mihogo peke yake. "Ya zamani, ya mupya, yote. Ikikuja kwangu, naweka."

Sikununua mita. Nilikula mihogo aliyonipa, nikamshukuru, nikarudi Busia mchana wa jua kali. Nilikwenda moja kwa moja kibandani, nikanunua dawa ya kutolea rangi njiani, nikafungua zile sita zangu. Nilizigusa nukta zake moja baada ya nyingine. Zote ziliyeyuka. Sikuhitaji kugusa zote. Nadhani nilikuwa najiadhibu.

Ningetakiwa kuvuka mpaka siku ileile. Sikuvuka. Nilikaa majuma matatu. Nilijipa kazi, nilijipa mafua, nilijiambia ngoja kwanza nihakikishe. Nilikuwa naogopa, basi. Mtu aliyezoea kuitwa mjuzi anaogopa kosa kuliko njaa. Na nilijua nimekosea mara mbili: nilichukua kazi ya mikono ya mama wa Kisoko nikampa Mwingereza asiyekuwepo, kisha nikachukua ukweli wa kaka yangu nikauita wizi.

Mwisho niliandika kwenye kundi. Niliandika vizuri, nakiri, nilirudia sentensi mara nyingi. Nikaeleza kuhusu fundi mwanamke wa Tororo, kijiti cha kiberiti, mkono wa kushoto. Nikasema mwongozo wangu una kosa, na kwamba kwa sababu ya kosa hilo nilimtuhumu fundi mmoja wa Busia isivyo haki, na namwomba radhi.

Nilitegemea kutukanwa. Walinipongeza. Walisema ni nadra kuona mtu mwenye ujasiri wa kukiri. Mmoja wa ng'ambo akasema hadithi ya yule mama inazifanya zile mashine kuwa nzuri zaidi, akauliza nani anayo ya kuuza. Mzee wa Nairobi aliandika kwamba sasa ananiamini mara mbili. Nilisoma yote hayo nikiwa nimesimama, na kitu kibaya ni kwamba nilianza kujisikia vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule fundi wa Busia yuko wapi.

Nikavuka siku hiyo na simu mkononi, nikiwa na haraka ya mtu anayepeleka zawadi. Meza ya kaka haikuwepo tena nje. Nilimkuta ndani ya saluni, kwenye kona, anarekebisha mashine ya kukaushia nywele ya mkewe. Shemeji alikuwa anafagia. Walinikaribisha, maana hawajui kutomkaribisha mtu. Nikasimulia kila kitu, kuanzia Kisoko. Kaka alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo ni mama," akasema. "Ana mkono mzuri huyo mama. Nilishangaa sana zile nukta, zilikuwa zimepangwa."

"Nimeandika kwenye kundi, kaka. Kila mtu anajua sasa. Soma." Nikampa simu.

Alivaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikishuka chini ya kila mstari. Alipofika mwisho akarudi juu akasoma tena.

"Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. "Hapa. Fundi mmoja wa Busia."

"Mafundi wa Busia ni wengi," akasema. "Ile ya kwanza uliandika majina yangu yote matatu. Na mtaa. Na mke wangu hapa pia ulimweka."

Shemeji aliendelea kufagia mahali ambapo palikuwa pamekwisha fagiliwa. Kwa kweli sikuwa nimepanga kulificha jina lake. Mkono ulikwenda wenyewe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilipokuwa nashtaki niliona jina ni la lazima, na nilipokuwa naomba radhi niliona halina haja. Nikachukua simu, nikaanza kuandika palepale mbele yao. Niliandika jina lake la kwanza, la pili, la tatu, kwamba mtu huyu ni mwaminifu na hakufanya kosa lolote.

Akaweka kiganja chake juu ya kioo kabla sijatuma.

"Wacha," akasema. Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika. "Kuna watu wengine wameingia huko baadaye, hawanijui. Leo ukiandika kwamba mimi si mwizi, watauliza nani alisema ni mwizi. Na wa hapa mtaani waliocheka hawasomi hiyo simu yako. Hao utawaandikia nini?"

Nilimuuliza anataka nifanye nini, chochote, nitafanya.

"Jina langu liache," akasema. "Usiliandike tena mahali popote, kwa ubaya wala kwa uzuri."

Akaondoa kiganja. Yeye na shemeji wakanitazama, nami nikafuta herufi moja moja, mpaka jina likaisha.